Kabla ya Kulipia Chemba ya Oksijeni kwa Ajili ya Neva Zilizoharibika: Mwongozo Kamili

Jioni moja mwezi wa Machi, nyumbani kwetu Langalanga mjini Nakuru, Mama alivua sandak zake mlangoni na mjukuu wake akaona damu. Msumari mfupi ulikuwa umepenya soli ya kiatu cha kulia na kuingia chini ya kidole gumba, na Mama alikuwa ametembea nao tangu sokoni bila kuhisi chochote. "Mbona hamkuniambia nimechomwa?" alituuliza, akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Amekuwa na kisukari kwa miaka kumi na minne, na miguu hiyohiyo isiyohisi msumari mchana humwaka moto usiku, hata huiteremsha kitandani akaikanyagisha sakafu ya simiti ipate baridi.

Wiki hiyohiyo binamu yetu alituma katika kikundi cha familia tangazo la chemba ya oksijeni, yaani chombo kilichofungwa ambamo mgonjwa huvuta oksijeni kwa shinikizo kubwa, inayosemekana kufufua neva, yaani mishipa ya fahamu, na kabla ya Jumapili kufika Baba Mdogo alikuwa ameshapendekeza tarehe ya harambee. Kazi ya kuulizia nilipewa mimi. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, kwa mpangilio ambao ningefurahi kuupata siku ile, na lengo lake ni kukufikisha kwa daktari wako ukiwa na maswali yanayofaa, si kuchukua nafasi yake.

Hatua ya kwanza: jua ni nini kinachoziharibu neva

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Ganzi, hisia ya kuchomwachomwa na sindano, miguu kuwaka moto na mikono kukosa nguvu ni dalili tu, na chanzo chake kinaweza kuwa kimoja kati ya vingi ambavyo matibabu yake hayafanani hata kidogo. Kisukari ndicho kinachotajwa kwanza, lakini mtu mwenye kisukari anaweza pia kuwa na upungufu wa vitamini B12, hasa akiwa ametumia dawa ya metformini kwa miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo hupunguza uwezo wa mwili wa kuifyonza vitamini hiyo. Upungufu wa B12 huharibu neva kwa namna inayofanana sana na kisukari, nao hutibiwa kwa sindano au vidonge vya bei nafuu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama: kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amempima B12.

Mwambie daktari pia kama mgonjwa amewahi kutibiwa kifua kikuu, kwa kuwa dawa ya isoniazidi huweza kudhuru neva isipoandamana na vitamini B6. Mwambie kama anaishi na virusi vya UKIMWI na alitumia dawa za zamani kama stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua tangu mwaka 2009. Pombe ya muda mrefu, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na baadhi ya dawa za saratani kama vinkristini na sisplatini ni vyanzo vingine, na aliyefanya kazi ya kunyunyizia dawa za wadudu mashambani aseme hivyo bila kusubiri kuulizwa. Ukoma nao usisahaulike. Sisi wa magharibi mwa Kenya tunalijua jina la Alupe, kule Busia, kwa sababu ya hospitali ya ukoma iliyokuwako, na baka la ngozi lisilohisi mguso linastahili kuonyeshwa daktari hata leo.

Vipimo vya kuanzia havihitaji safari ya Nairobi. Daktari hupima mguso kwa uzi wa nailoni unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10, na mtetemo kwa uma wa chuma unaotetemeshwa kisha kuwekwa kwenye kidole gumba, kisha huagiza damu ipimwe sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c, pamoja na B12, figo na tezi. Kliniki za kisukari za hospitali za rufaa, kama ile ya Kaunti ya Nakuru au Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa picha bado haieleweki, omba kuelekezwa kwa daktari wa neva.

Jeraha la ajali ni jambo tofauti kabisa, na hapa naomba usome polepole. Kijana aliyeanguka na bodaboda, akagonga bega na mkono ukalegea, huenda neva zake zimenyofoka au kukatika shingoni. Neva hukua kwa takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo safari ya kutoka shingoni hadi kiganjani inaweza kuchukua karibu miaka miwili, ilhali msuli uliokaa bila neva kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu haurudi tena. Upasuaji wa neva hizo hufaulu zaidi ukifanywa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Familia ikimpeleka kijana huyo kwenye chemba kwa miezi minne kwanza "tuone itakavyokuwa", itakuwa imetumia muda wenyewe ambao daktari wa upasuaji aliuhitaji.

Ziko pia dalili zisizosubiri hata usiku mmoja: udhaifu unaopanda haraka kutoka miguuni, ganzi ya sehemu za siri pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, na uso au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla. Huyo apelekwe hospitali kitengo cha dharura.

Hatua ya pili: elewa chemba inafanya nini

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu. Karibu oksijeni yote inayosafiri mwilini hubebwa na himoglobini ya chembe nyekundu za damu, ambayo kwa mtu mwenye mapafu mazima huwa tayari imejaa, hivyo kuvuta oksijeni zaidi hakuiongezei mzigo mkubwa. Kinachobadilika ndani ya chemba ni maji ya damu yenyewe: gesi huyeyuka katika kimiminika kulingana na shinikizo lake, kama inavyojificha ndani ya chupa ya soda kabla ya kufunguliwa. Katika hali ya kawaida mililita 100 za damu hubeba takriban mililita 0.3 za oksijeni iliyoyeyuka, lakini mtu akivuta oksijeni tupu kwa shinikizo mara tatu ya lile la usawa wa bahari, kiasi hicho hufika karibu mililita 6. Oksijeni hiyo huweza kufika mahali ambapo mishipa ya damu imebanwa au imeharibika.

Matibabu ya kawaida hutumia shinikizo kati ya mara 2 na 2.5, kwa muda wa saa moja hadi saa mbili kila kipindi, siku tano kwa wiki, na vipindi mara nyingi huwa kati ya 20 na 40. Shinikizo la mara 2.4 ni sawa na kuzama baharini mita 14 hivi. Wala si bahati kwamba fani hii ilikuzwa na watu wa majini, kwa kuwa ugonjwa wa wapiga mbizi wanaopanda juu haraka mno bado ni miongoni mwa mambo inayoyatibu vizuri kuliko tiba nyingine yoyote.

Hatua ya tatu: tenganisha lililothibitishwa na linalotumainiwa

UHMS, chama cha wataalamu wa fani hii chenye makao Marekani, kina orodha fupi ya magonjwa ambayo chemba inakubalika kuyatibu. Humo mna ugonjwa wa wapiga mbizi, sumu ya kaboni monoksaidi, kama ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, majeraha ya kupondeka yakiwa bado mapya, maambukizi yanayooza misuli, maambukizi sugu ya mfupa, madhara ya baadaye ya mionzi ya saratani, uziwi wa ghafla, na baadhi ya vidonda visivyopona, kikiwamo kidonda kirefu cha mguu wa kisukari. Ganzi na maumivu ya neva za miguu kwa sababu ya kisukari hayamo katika orodha hiyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo imewatahadharisha wananchi kuhusu vituo vinavyotangaza chemba kwa magonjwa ambayo haijaidhinishiwa.

Zipo tafiti ndogo kuhusu neva, na nyingine zina matumaini. Lakini utafiti mmoja nimeurudia mara nyingi akilini. Mwaka 2001, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 34 ambao neva zao za bega na mkono zilikuwa zimeharibiwa na mionzi. Wote waliingia katika chemba mara 30, lakini nusu yao walipewa oksijeni tupu na wengine gesi iliyochanganywa ili wapate oksijeni sawa na ya mtu anayevuta oksijeni tupu nje ya chemba, bila wao kujua nani amepewa nini. Hisia za neva hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu madhara ya mionzi nayo yaliona nafuu katika tishu za kichwa, shingo na njia ya haja kubwa, bali si katika neva. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani kwamba "alitoka akihisi vidole" haunitoshi, ingawa siamini kwamba anadanganya, kwa sababu maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe na mtu hutafuta tiba siku ambazo yamepanda.

Kwa kidonda cha mguu habari ni tofauti kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba vidonda vya kisukari hupona zaidi katika wiki sita za mwanzo, ingawa faida hiyo haikuonekana baada ya muda mrefu. Bima ya serikali ya wazee wa Marekani hulipia kidonda kilichofika ndani sana ikiwa tu siku 30 za matibabu sahihi hazikuleta nafuu. Kwa hiyo kituo kikikuambia kwamba chemba yake "inatibu mguu wa kisukari", uliza mara moja: ni kidonda, au ni neva?

Hatua ya nne: pima chemba yenyewe, na ukumbuke uko mlimani

Jambo hili sikuliona limeandikwa popote kwa ajili yetu, na lilinigharimu jioni nzima ya hesabu. Zipo chemba za chuma au akriliki nene zinazofikia shinikizo la hospitali, na zipo mifuko laini yenye zipu inayovimbishwa kwa pampu, ambayo huongeza takriban 0.3 tu juu ya shinikizo la mahali ilipo. Huuzwa kwa jina la chemba ya 1.3, lakini 1.3 hiyo ni ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na shinikizo lake la hewa ni karibu 0.8 ya lile la Mombasa. Ongeza 0.3 na utapata 1.1. Ukiwa Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, utapata takriban 1.2.

Sasa zidisha kwa oksijeni iliyomo. Mtu anayetembea ufukweni Mombasa anavuta oksijeni ya kiwango cha 21. Aliyelala katika mfuko laini mjini Nakuru, ukiwa umejazwa hewa ya kawaida, anapata 23. Aliye katika chemba ya hospitali ya 2.4 akivuta oksijeni tupu anapata 240. Tangazo lililotufikia sisi lilikuwa na picha ya mfuko wenye zipu, na maneno yaliyoandikwa chini yake yalikuwa yametolewa katika tafiti za chemba za chuma. Hata mfuko huo ukiunganishwa na mashine ya oksijeni na barakoa, mgonjwa hupata kitu kinachokaribia oksijeni ya kawaida ya wodini, huku hatari ya moto ikiongezeka.

Kwa hiyo uliza maswali mawili na utake majibu ya tarakimu: shinikizo kamili ni kiasi gani likihesabiwa kwa mwinuko wa hapa, na oksijeni ninayovuta ni asilimia ngapi? Asiyeweza kujibu hayo asikuguse.

Hatua ya tano: kagua mwili wa anayeingia

Anayeugua mapafu yaliyovuja hewa kifuani, na bado hajatibiwa, haruhusiwi kuingia kamwe. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kilichoacha mapango katika mapafu, mwenye pumu isiyotulia au ugonjwa sugu wa mapafu, anapaswa kupigwa picha ya kifua kwanza. Mwenye kifafa, mwenye homa, mwenye mafua, aliyefanyiwa upasuaji wa sikio na mjamzito waseme mapema, vilevile aliyetumia bleomisini, doksorubisini au sisplatini kwa saratani.

Masikio ndiyo yanayosumbua zaidi. Ukishawahi kuteremka kwa matatu kutoka Timboroa kuelekea Kisumu, au kushuka mteremko wa Mai Mahiu, unaijua hali yenyewe: masikio huziba, ukameza mate yakafunguka. Ndani ya chemba shinikizo hupanda kwa nguvu zaidi, na asiyeweza kuyafungua kwa kumeza, kupiga miayo au kupuliza polepole akiwa ameziba pua anaweza kupata maumivu makali hata ngoma ya sikio kupasuka. Macho huweza kushindwa kuona mbali kwa wiki kadhaa, na mwenye mtoto wa jicho huenda akazidi kidogo akipata vipindi vingi sana. Degedege kutokana na oksijeni kuzidi hutokea mara chache. Kwa mgonjwa wa kisukari, sukari hushuka ndani ya chemba, kwa hiyo lazima ale kabla na sukari ipimwe anapoingia na anapotoka.

Hatua ya sita: kagua kituo

Moto ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mwaka 1997 watu 11 walikufa katika chemba ya hospitali mjini Milan, na tarehe 31 Januari 2025 mtoto wa miaka mitano alikufa chemba ilipolipuka katika kituo kimoja mjini Troy, jimbo la Michigan. Katika oksijeni tupu, cheche ndogo hutosha. Kituo makini hukupa nguo za pamba, hukuvua saa, simu, kifaa cha kusikia na kila chenye betri, hukukataza mafuta ya nywele, Vaseline na manukato, na huiunganisha chemba na ardhi ili umeme tuli usijikusanye. Mhudumu hukaa hapo kipindi chote. Ukiruhusiwa kuingia na simu, toka.

Uliza nani daktari msimamizi, amesomea wapi tiba ya shinikizo, na chemba ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Hakikisha kwamba daktari na kituo wamesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kituo kinachokubali mgonjwa bila barua ya daktari wake wala kumpima kimekwisha kujieleza.

Hatua ya saba: hesabu gharama yote

Usihesabu bei ya kipindi kimoja. Vipindi 40 kwa siku tano za wiki ni wiki nane kamili. Ikiwa chemba ya kweli iko Nairobi, ni kilomita 160 hivi kutoka Nakuru na takriban 350 kutoka Kisumu, na hakuna mgonjwa wa miguu atakayesafiri hivyo kila siku. Andika ada ya vipindi vyote, kodi ya chumba, chakula, nauli, na mshahara wa yule atakayeacha kazi amsindikize. Bima ya binafsi au SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ikitajwa, omba idhini kwa maandishi kabla ya kipindi cha kwanza, na usikubali kulipa vipindi vyote mapema kwa ajili ya punguzo.

Hatua ya nane: ukiamua kuingia, weka kipimo na kikomo

Siku mbili kabla ya kuanza, daktari apime mguso kwa uzi wa nailoni na kuweka alama kwenye mchoro wa nyayo. Mgonjwa naye aandike kila asubuhi, kwa alama kati ya 0 na 10, maumivu ya usiku uliopita. Mkubaliane na daktari kwamba baada ya vipindi 20 mtapima tena, na kwamba kama hakuna kilichobadilika mtaacha. Dawa za sukari na za maumivu zisiachwe, labda daktari azibadilishe.

Sisi hatukuingia. Daktari wa kliniki alimpima Mama, akaikuta B12 yake iko chini sana, akamwanzishia sindano, akarekebisha dawa za sukari, na baada ya kumpima moyo akampa amitriptilini kidogo ya usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya neva. Baada ya miezi minne moto wa miguu, ambao Mama alikuwa akiupa alama 8, umeshuka hadi 4, ingawa ganzi ya vidole haijaondoka na daktari hakumwahidi kwamba itaondoka. Fedha zilizokuwa zimeanza kuchangwa zilinunua viatu vipana vya kufunikwa na vibanzi vya kupimia sukari. Kama siku moja atapata kidonda kirefu ambacho mwezi mzima wa usafi, dawa na kupumzisha mguu haujakiponya, tutaliuliza tena swali la chemba, na safari hiyo tutakuwa tunauliza kuhusu kidonda.

Wakati huohuo, kila jioni

Maji ya kuogea miguu yapimwe kwa kiwiko na mtu mwingine, maana mguu wenye ganzi hauwezi kujua maji ya moto. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini lakini si katikati, kata kucha moja kwa moja bila kuchimba pembeni, na usitembee peku hata ndani ya nyumba. Nyumbani kwetu mjukuu ndiye mwenye tochi na kioo kidogo. Kwanza huingiza mkono ndani ya kila kiatu hadi kwenye ncha, halafu hukikung'uta, halafu hupiga magoti mbele ya kiti. Mama hunyoosha mguu wa kulia na kumwambia, "Anza na huu, na uangalie chini ya gumba."